Mtoto kuvaa vazi la kwao siku ya hafla ya shule: jinsi ya kuomba ruhusa na la kufanya ukikataliwa

Mwaka mmoja mwanangu alikuwa apewe zawadi ya Kiswahili shuleni, kwa hivyo hawe wake, yaani nyanya yake, akamshonea hando, ile sketi yetu ya marinda. Kama hujawahi kuona hando la Kigiriama likishonwa, ni kazi, kitambaa kinakatwa vipande halafu kinatiwa marinda safu juu ya safu mpaka linafura lenyewe kiunoni, na mama yule macho si ya ujana tena, alikaa mlangoni wiki mbili apate mwanga. Tukafika getini mapema, deputi akamtazama mtoto toka juu hadi chini akasema hapa hatuchezi ngoma, vaa yunifomu. Na hizo shanga za shingoni zitoke sasa hivi. Mtoto kwa kuogopa akavuta, uzi ukakatika, nikamuona mwanangu amechuchumaa kwenye changarawe anaokota shanga moja moja na wenzake wanapita pembeni yake. Alipokea ile zawadi na sweta ya kuazima.

Shule siitaji, na deputi mwenyewe simtaji, na leo tunasalimiana. Lakini nilirudi nyumbani nikaanza kuuliza na kusoma, na mwaka uliofuata yule mtoto akapanda jukwaani na hando lake. Naandika kwa mzazi wa hapa Kenya, au mwanafunzi mwenyewe, anayetaka kuvaa hando, shuka, leso, kikoi, kanzu, ushanga wa kwao, gurbaba ya Kinubi, vazi lolote la watu wake, siku ya zawadi au siku ya wazazi au ya kuwaaga wanaomaliza. Haki ipo. Ila inapatikana kwa karatasi na inapatikana mapema, getini haipatikani, manake pale unakutana na mtu ana haraka, mgeni wa heshima yuko njiani, watoto wanatazama, na hakuna mtu atakubali kubadilisha neno lake mbele ya watoto.

Tafuta sheria za shule zilizoandikwa

Anza hapa kabla ya Katiba, kabla ya kumpigia mtu simu. Mtoto alipojiunga na shule mlipewa karatasi ya sheria pamoja na ile ya karo, itafute. Soma pale pa yunifomu neno kwa neno. Yangu mimi ilisema mwanafunzi atavaa yunifomu kamili siku za masomo. Siku ya zawadi si siku ya masomo! Hakukuwa na mstari hata mmoja kuhusu hafla, ilikuwa ni mazoea tu, na mazoea yakishakaa miaka kumi watu wanayaita sheria. Ndivyo ilivyo mara nyingi na hili ndilo jambo kubwa la kujua, kwamba unapoambiwa "shule hairuhusu" uliza kwa upole, imeandikwa wapi mwalimu, nisome na mimi.

Wakisema ipo lakini hawakuonyeshi, iombe kwa barua. Shule ya umma inabanwa na kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. Sijui mtu aliyefika huko kwa ajili ya karatasi ya sheria za shule, kwa kawaida ukiitaja tu inatoka.

Sasa Katiba

Ile ya 2010, na naomba uisome kwa macho yako manake ukikaa na prinsipali unataka kuweka kidole kwenye mstari. Nenda kifungu cha 27, cha usawa. Sehemu yake ya nne ina orodha ya mambo ambayo serikali haimbagui mtu kwa sababu yake, jinsia, kabila, rangi, ulemavu, dini, na humo humo kuna maneno mawili yamefuatana: utamaduni, mavazi. Mavazi yametajwa kwa jina. Mimi nilipoliona hilo neno nililisoma mara tatu. Sehemu ya tano inasema hata mtu binafsi asimbague mwenzake kwa sababu hizo hizo, na kifungu cha 20 kinasema haki hizi zinamfunga kila mtu, kwa hivyo shule ya praiveti isikwambie hayo ni ya shule za serikali.

Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni anaoutaka. Cha 53 kinasema jambo lolote linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto yanatangulia. Na nje ya Katiba kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ambao Kenya iliuridhia 1990, kifungu chake cha 30 kinamlinda mtoto wa jamii ndogo asinyimwe utamaduni wa watu wake.

Lakini usiende ukidhani ni haki isiyo na mpaka. Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu haki kupunguzwa kukiwa na sababu ya maana na kwa njia ya sheria, kwa hivyo shule ikija na sababu ya usalama wa watoto, hiyo inasikika. Ikija na "tumezoea hivi" ama "haipendezi", hapo ndipo unapokazana.

Kesi za mahakamani nitazipitia haraka. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo iliyo chini ya mfadhili wa kanisa waruhusiwe hijabu, halafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi ule, na ukisoma sababu utaona tatizo kubwa lilikuwa namna dai lilivyoingizwa, lilipachikwa ndani ya kesi ya mtu mwingine badala ya kufunguliwa lenyewe. Niliichukulia hii kama fundisho la njia, ukiwa na dai lako lifungulie mlango wake. Septemba mwaka huo huo wa 2019 Mahakama Kuu Nairobi, Jaji Chacha Mwita, ikasema mwanafunzi Mrasta alivunjiwa haki alipofukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake. Hizo mbili ni za dini zaidi. Inayogusa utamaduni moja kwa moja ni ya Afrika Kusini ya 2007, kesi ya Pillay, msichana wa Durban aliyekatazwa kipini cha puani ambacho ni desturi ya Wahindi wa Kitamil kwao, na Mahakama ya Katiba ya huko ikasema shule ilipaswa kumpa nafasi hata kama kipini si amri ya dini, manake jambo la utamaduni unalolifanya kwa hiari nalo lina uzito wake. Majaji wetu hawafungwi na kesi ya huko lakini ukimpa mwalimu mfano huo anaelewa unachosema.

Mambo ambayo shule ina haki kuyakataa

Hapa wazazi wengi tunaharibu. Tunaenda na kila kitu kwa pamoja, wakikataa kimoja wanakataa vyote.

Silaha usijaribu. Simi, mkuki, upinde, rungu la kweli, hata kama kwenu morani havai bila rungu, shuleni inabaki nyumbani. Mwambie mwalimu hivyo mapema kabla hajauliza, utaona uso unalegea.

Ngozi za wanyama wa porini ndizo hatari na watu hawajui. Ngozi ya chui, ya mbega, manyoya ya mbuni, bangili ya pembe ya ndovu aliyoiacha babu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kukaa na nyara, yaani sehemu za wanyama hao, bila kibali na adhabu yake si ya kuchezea. Kuwa ni kitu cha zamani cha familia hakukuokoi. Mtoto asiingie nayo shuleni apigwe picha. Tumia ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe, vazi halipungui chochote.

Heshima ya mwili. Mavazi mengi ya zamani yaliacha kifua wazi, na mtoto wa leo mbele ya umati na simu zote zile hapaswi kuwekwa hivyo hata kama hawe mwenyewe alivaa hivyo. Blauzi ama fulana ya rangi moja chini ya leso inatosha, na shuka ifungwe na pini za usalama mbili si moja, moja ikiachia mtoto anashika nguo badala ya kushika cheti.

Udongo mwekundu na mafuta, kwa Wamaasai na Wasamburu, unashika viti na nguo za wenzake. Ukitaka ukubaliwe haraka omba shuka na ushanga, udongo uache. Na kukiwa na mbio siku hiyo, mikufu mirefu inavuliwa kabla ya mbio na kurudishwa baadaye, hilo halina mjadala.

Siku ya mtihani wa taifa nayo iache kabisa, vaa yunifomu, usimtie mtoto wasiwasi.

Barua

Peleka wiki tatu kabla, nne kama unaweza. Mpe mwalimu wa darasa, naye aipitishe kwa mwalimu mkuu, usimruke manake akijua baadaye kwamba ulimruka umempoteza mtu ambaye angekuwa upande wako. Beba kopi mbili, moja igongwe stampu ya kupokelewa au mwandishi wa ofisini aweke sahihi na tarehe, hiyo unabaki nayo. Hii stampu ndogo ndiyo itakayokubeba huko mbele.

Iwe ukurasa mmoja. Omba siku moja, hafla moja, vazi moja, ulieleze lilivyo mpaka mtu anaweza kulichora. Mimi niliambatisha picha ya hando likiwa limetandazwa kitandani, bila mtoto ndani. Yangu ilikuwa karibu hivi, ichukue ubadilishe:

"Kwa Mwalimu Mkuu, kupitia kwa mwalimu wa darasa.

KUH: OMBI LA MWANAFUNZI KUVAA VAZI LA KITAMADUNI SIKU YA ZAWADI

Mwalimu, pokea salamu zangu na shukrani kwa kazi mnayowafanyia watoto wetu. Mwanangu, wa darasa hili, anatarajiwa kupokea zawadi siku hiyo. Anaomba, nami namuombea, avae hando la jamii yetu ya Wagiriama pamoja na blauzi nyeupe, leso begani na shanga mbili za shingoni. Hakutakuwa na silaha wala ngozi ya mnyama. Atafika na yunifomu yake kwenye mkoba na ataivaa mara tu sherehe itakapokwisha, au wakati wowote shughuli itakapohitaji.

Nimesoma sheria za shule na sikuona zinazokataza jambo hili siku ya hafla. Naelewa pia kwamba kifungu cha 27 na cha 44 cha Katiba vinalinda mavazi na utamaduni. Kama kuna sehemu ya vazi ambayo shule ina wasiwasi nayo, niko tayari kuja tuongee na kurekebisha. Naomba jibu kwa maandishi wiki mbili kabla ya siku yenyewe ili tujiandae.

Wako mwaminifu, mzazi."

Ona Katiba imetajwa mara moja tu, sentensi moja, haikupigiwa kelele. Na lile neno la kurekebisha ndilo linalofungua mlango, mwalimu mkuu anataka kitu cha kumwambia bodi kwamba tulizungumza tukaelewana. Pale pa kuomba jibu kwa maandishi usipafute hata ukiona aibu. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema mtu ambaye haki yake itaguswa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na nakwambia, kukataa kwa mdomo ni rahisi sana, lakini mtu akiambiwa akae chini aandike kwa nini hando ni baya mara nyingi kalamu inasita.

Kama wewe ndiye mwanafunzi na mzazi yuko mbali ama ana hofu, barua unaweza kuandika wewe mwenyewe, na baraza la wanafunzi lipo kwa kazi hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti kwenye bodi ya shule, hapigi kura lakini anasikika. Mtafute, mpe kopi.

Na ukiweza usiende peke yako. Mwaka ule wa pili tulikuwa wazazi wanne, mmoja Mkamba, mmoja Mborana, mmoja Mtaita na mimi, tukaandika barua moja tukaomba kwa ajili ya mwanafunzi yeyote anayetaka. Ikawa si mambo ya kabila moja linataka kupendelewa, na kile ambacho prinsipali alikuwa anakihofia zaidi, kwamba akiruhusu mmoja wengine watalalamika, kikaisha hapo hapo.

Majibu utakayopewa, na ya kwako

"Yunifomu inawafanya wote sawa, mtoto wa tajiri asionekane." Hii ni hoja ya kweli na uiheshimu. Mjibu kwamba unaomba siku moja si kila siku, na kwamba leso na shuka ni nguo za watu wa kawaida, wala huombi dhahabu. Ukiwa na vazi la gharama kubwa kweli, mwache mtoto avae lile la nyumbani.

"Hayo ni mambo ya uchawi." Kwetu pwani hii inaumiza zaidi, manake wazee wetu wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mtoto akiambiwa shanga za hawe wake ni za kishirikina anarudi nyumbani anamtazama hawe kwa jicho lingine. Usipandishe sauti. Mwambie kwamba mila za kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda ambao sisi Wagiriama tumo ndani yao, ziliandikwa na UNESCO 2009 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na kwamba kitabu cha historia cha darasani kinamsifu Mekatilili wa Menza aliyeongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913 na 1914, na yule mama hakuwa amevaa sketi ya kaki. Kama shule ina mfadhili wa kanisa, ile Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu chake cha 27, inampa mfadhili kazi ya malezi ya kiroho huku akilinda imani ya wengine. Ongea na padri au pasta mwenyewe kama unamjua, mara nyingine yeye ana moyo mpana kuliko mwalimu anayemuogopa.

"Hata bungeni wamekataza." Ni kweli Novemba 2023 Spika alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni mle ndani. Lakini hizo ni kanuni za kikao cha wabunge, haziongozi shule, na mtoto si mbunge.

"Avae basi vazi la taifa." Lipi? Mwaka 2004 lilizinduliwa vazi lililokusudiwa kuwa la taifa, wananchi hawakulivaa, mpaka leo hatuna moja la kumpa kila mtoto.

"Tutafanya siku ya utamaduni, avae siku hiyo." Hili ni jibu zuri ukipewa tarehe. Bila tarehe ni kuahirisha tu. Hata tarehe 10 Oktoba ambayo ilikuwa Siku ya Utamaduni, toka 2024 ni siku ya Mazingira, kwa hivyo kalenda ya serikali haitakuletea hiyo siku, ni shule yenyewe iamue.

Na hoja yangu mimi niliyoiona inagusa walimu kuliko zote ni hii. Muulize mwalimu, kwa heshima, watoto wetu wakienda mashindano ya muziki wanavaa nini? Shule hiyo hiyo inawavalisha mahando wakacheze gonda, inawavalisha ngozi na njuga wakacheze isukuti, wakishinda kombe linawekwa ofisini kwa prinsipali kwenye kabati la kioo. Vazi ambalo ni la heshima likileta kombe ni la heshima pia likivaliwa na mwenyewe siku yake ya zawadi. Nilipolisema hili prinsipali alinyamaza kidogo, akageuka akaangalia kabati.

Upande wa pili: usimlazimishe mtoto

Kifungu cha 44 hicho hicho kina sehemu ya tatu inayosema mtu asimlazimishe mwingine kufuata desturi yoyote. Inakubana wewe mzazi na inaibana shule. Kuna watoto wa baba Mluo na mama Mmeru ambao hawajui wachague lipi, kuna wasiotaka kabisa, na kuna siku za utamaduni ambapo mwalimu anawapanga watoto kwa kabila na kuwaagizia wazazi wanunue vazi. Kama mwanao hataki, barua ni ile ile, ila unaomba avae yunifomu siku hiyo bila kutajwa mbele ya wengine. Mimi kabla ya kuandika barua ya pili nilimuuliza mwanangu kwanza, manake aliyeokota shanga ni yeye. Alikaa siku mbili hajanijibu. Siku ya tatu akaniuliza uzi wa kutungia shanga unauzwa wapi, ule wa nailoni usiokatika.

Siku yenyewe

Ile barua ya ruhusa itoe fotokopi, moja kwako na moja mfukoni kwa mtoto. Yunifomu iwe imepigwa pasi ndani ya mkoba. Fika mapema kabla ya msongamano, msalimie soja wa getini, muonyeshe barua, mara nyingi yeye ndiye hajaambiwa kitu. Hando linafura mtu akikaa, kwa hivyo mtafutieni mtoto kiti cha mwisho wa mstari asibanwe, na afanye mazoezi nyumbani ya kupanda ngazi nalo.

Shule ya bweni ina shida yake, shanga za urithi kwenye sanduku la bweni zinapotea. Mpelekee siku hiyo hiyo, ama zikabidhiwe kwa metroni zikiwa zimehesabiwa na kuandikwa kwenye karatasi yenye sahihi mbili.

Wakimzuia getini ingawa mna ruhusa, mwombe aliyekuzuia ampigie mwalimu mkuu hapo hapo. Akikataa, mtoto avae yunifomu aingie apokee zawadi yake. Najua inauma, mimi niliisikia mpaka tumboni, lakini mtoto asikose siku yake kwa ugomvi wa wakubwa, ule ugomvi unaendelea kesho bila yeye. Andika saa, mahali, jina la aliyezuia na maneno aliyosema vile alivyoyasema, andika siku hiyo hiyo kabla ya kulala. Picha ya mtoto akilia usiiweke mtandaoni hata ndugu wakikwambia ndiyo itasaidia, picha ile itamfuata mpaka ukubwani.

Kitu kimoja hakivumiliwi: mtu kumvua mtoto nguo au shanga kwa nguvu, au kumfedhehesha mbele ya wenzake. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza adhabu ya viboko na pia kumtesa mwanafunzi kiakili, na faini yake inafika shilingi 100,000 au kifungo mpaka miezi sita, au vyote viwili. Hilo liandikie barua yake peke yake, usilichanganye na ombi la vazi.

Wakikataa kwa barua

Soma sababu waliyotoa. Ikiwa inarekebishika, rekebisha uombe tena wiki hiyo hiyo, wengi wanapata kwa raundi hii ya pili. Isiporekebishika, iandikie bodi ya shule ukiambatisha barua yako yenye stampu na jibu lao. Bodi hukutana kwa nadra, kwa hivyo muombe mwakilishi wa wazazi aliye mle ndani aliingize kwenye ajenda. Baada ya bodi ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, halafu bodi ya elimu ya kaunti.

Pembeni ya hao kuna tume ambazo hazikutozi senti: Tume ya Haki ya Utawala ambayo watu wanaiita Ombudsman, ina meza kwenye baadhi ya Huduma Centre, inafaa zaidi shule ya umma inapokunyima sababu au inapokaa kimya. Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa ni ya ubaguzi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ni ya haki kwa jumla. Chagua moja, usitawanye malalamiko kila mahali kwa siku moja, kila ofisi itadhani nyingine inashughulika.

Mahakama ni mwisho na wachache watafika. Ila jua kwamba kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya mtoto wako, kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na mahakama inaweza kupokea hata karatasi isiyo rasmi ikibidi. Hapo tafuta wakili, wapo wanaochukua kesi za haki za watoto bila malipo.

Ukishinda, usiishie kwa mtoto wako

Wiki moja baada ya hafla peleka barua ya shukrani, fupi. Ndani yake omba bodi iongeze mstari mmoja kwenye sheria za shule ili mwaka ujao mzazi mwingine asianze upya. Sisi tuliomba hivi, na kwenye karatasi ya mwaka uliofuata ukaingia bila neno kuguswa: "Siku za hafla, mwanafunzi anayetaka anaweza kuvaa vazi la kitamaduni la heshima lisilo na silaha wala nyara za wanyamapori, akiijulisha shule wiki mbili kabla." Uliza kikao cha bodi ni lini, andika tarehe, na siku inayofuata mpigie mwakilishi wa wazazi umuulize mstari wenu umesomwa au haukusomwa.